Nta ya Sonsai

Barkapara, 9 Agosti 1981

Wifi yangu Hirondi,

Johar kwako, johar kwa shemeji Bisahu, na mwanangu Sonsai mwambie mama yake anamsalimu. Sisi tupo. Ndugu yako Phagnu kifua bado kinamkoroma usiku lakini anakula, na mtu anayekula hatumlilii. Mvua imetushika vizuri. Miche tumeshapandikiza shamba la chini lote, la juu kimebaki kipande kama ua wako hapo mjini. Yule mbuzi mweusi amezaa mapacha, mmoja akafa, mmoja yupo anatusumbua.

Mwalimu wa shule aliniambia, Dasmi, njoo nikuandikie barua yako, wewe utachelewa kupika. Nikamwambia acha, madarasa matatu niliyosoma yataozea wapi? Kwa hiyo ukiona herufi zimelala usicheke. Wewe mwenyewe umejifunzia ukubwani.

Nimempa Lodo, yule muuza ukwaju, mikate sita ya nta awaletee. Ni ya masega ya msituni. Nimeichemsha na kuichuja mara tatu kwa kipande cha sari yangu ya zamani, mpaka haina hata mguu wa nyuki. Marehemu mama yako ndiye aliyenifunza, siku ya tatu ya ndoa yangu, hata manjano hayajanitoka mwilini. Alisema, mwanangu, nta ikipata moto ndani ya kalibu ya udongo inakimbia na kuacha nyumba tupu, na shaba ndiyo inaingia kukaa. Lakini takataka haikimbii. Inabaki mlangoni, na shaba ikifika hapo inakataa kupita. Sijasahau. Sijawahi kutoa nta chafu katika nyumba hii.

Nyuzi za nta Sonsai umkamulie nyembamba. Mimi nilikuwa namkamulia nyembamba kama unywele wa mtoto mchanga. Za nguo na za nywele za sanamu anazitaka hivyo, za mikono nene kidogo. Usipojua muulize, ataona haya kukwambia.

Mpunga wa mapema umeanza kuiva, na mlo wa mchele mpya umekaribia. Mpandishe kwenye basi aje. Mwaka jana hakuja, mwaka juzi alikuja siku moja kama mtoza kodi. Mchele mpya hauliwi nyumba ikiwa na pengo.

Mwambie aandike. Hata mstari mmoja.

Ni mimi wifi yako, Dasmi


Raipur, 1 Septemba 1981

Wifi Dasmi,

Johar. Hapa ni wazima. Shemeji yako amebadilishiwa zamu stesheni, sasa analala mchana na mimi natembea kwa vidole ndani ya nyumba yangu kama mwizi. Kifua cha Phagnu mpe maji ya tangawizi, usimpe pombe ya mahua ukasema ni dawa, najua atakwambia ni dawa.

Nta imefika. Mkate mmoja ulikuwa bapa, nadhani Lodo aliukalia safari nzima.

Hilo la nyuzi nyembamba na nene nimelisoma. Wifi yangu, mimi nimezaliwa ndani ya moshi wa tanuru hilo unaloliota wewe leo. Ulipokuwa kwenu unacheza na vigae, mimi nilikuwa nakamua nyuzi za pembe za fahali wa baba yangu. Lakini sawa, ahsante kwa mafunzo.

Sonsai haji. Usinune kabla hujamaliza kusoma. Mwezi wa kumi na mbili kuna maonyesho makubwa ya kazi za mikono. Kila fundi anapeleka kitu kimoja tu, na atakayeshinda anapewa karakana yake na kazi ya mwaka mzima. Wenzake wanafanya tembo na farasi wa mungu, maana ndivyo wageni wanavyonunua. Yeye hataki. Unamjua, anapenda watu wanaofanya kazi: mtu na jembe, mwanamke anavua kwa kikapu, mzee anasuka kamba. Sasa anatengeneza mwanamke anapepeta mpunga.

Na unajua anamtazama nani? Kila asubuhi ananikalisha uani na ungo. Napepeta mpunga uleule mpaka shemeji yako anauliza, mke wangu, humo umebaki mpunga au upepo? Sonsai anasema, shangazi, inamisha shingo kidogo. Shangazi, kiwiko. Mimi na uzee huu nimekuwa mtu wa kutazamwa.

Mle mchele wenu kwa furaha. Yeye nitampikia hapa.

Hirondi


Barkapara, 20 Septemba 1981

Wifi yangu,

Johar kwenu wote. Barua yako niliipokea siku ya gulio, nikaisomea palepale karibu na wauza chumvi, nikasahau kununua chumvi.

Mchele mpya tumekula. Phagnu alisema tuweke majani matatu ya kulia, nikaweka manne. Akasema, mke wangu, huyo wa nne ni nani? Nikamwambia ni wa nyumba hii, huyo wa tatu ndiye mama yako marehemu, hesabu vizuri. Basi jani la Sonsai likakaa na mchele wake na chatini ya sisimizi wekundu anayoipenda, mpaka mbwa akaja akala. Nikampiga mbwa. Phagnu akasema mbwa ana kosa gani.

Wifi, nina jambo moja dogo. Lodo anasema alimkuta Sonsai sokoni kwenu, na wewe ulikuwa mbele, na kijana akakuita, mama, hivi vitunguu vipi? Nikamwambia Lodo, masikio yako yamejaa ukwaju. Akaapa. Mimi nauliza tu.

Na hilo la kupepeta. Nimefurahi. Lakini nimekuwa nikijiuliza, hivi mimi sikupepeta? Amelala mgongoni kwangu akiwa na miezi miwili na mimi napepeta. Makapi yalikuwa yanamwingia machoni, nikimlamba kwa ulimi. Alikuwa anakaa miguuni pangu na donge la nta anabandika vijitu kwenye mguu wangu, na mimi sisogei mpaka mguu unakufa ganzi. Labda ungo wa mjini unapendeza zaidi kutazama. Mimi sijui mambo ya maonyesho.

Sijakasirika. Ukiona nimeandika kwa nguvu ni kalamu haitoi wino.

Hajaandika hata huo mstari mmoja.

Dasmi


Raipur, 11 Oktoba 1981

Wifi Dasmi,

Johar. Tumeshona mapazia. Mguu wangu wa kushoto umevimba kwa ajili ya kuchuchumaa na ungo, lakini umeanza kushuka.

Lodo hakusema uongo. Nami sikumfundisha. Lilimtoka siku moja akiwa na homa, nimemwekea kitambaa kichwani, akasema mama, maji. Nikageuka kutazama nani ameingia chumbani. Nina miaka hamsini na mmoja, Dasmi. Sijawahi kugeuka kwa neno hilo. Baada ya homa likabaki, linakuja linaondoka. Wewe unalo la kuzaliwa nalo, hakuna wa kukunyang'anya. Niachie mimi la sokoni.

Sasa sikiliza, nina haraka. Nta ya hapa wanachanganya na mafuta ya mishumaa, nyuzi zinanyong'onyea hata kabla hujazizungusha. Tuletee mikate minne kabla ya Diwali. Ni kwa ajili ya mwanamke mwenyewe. Kiini cha udongo kimeshakauka, kichwa na magoti anavyo tayari, kilichobaki ni kumvisha ngozi ya nta. Ungo tutausuka uzi kwa uzi, mstari juu ya mstari, kama ungo wa kweli. Kazi kama hiyo sijaiona hata kwa baba yangu. Sisemi kwa sababu ni mtoto wetu.

Tuma upesi.

Hirondi


Barkapara, 19 Oktoba 1981

Wifi yangu mpenzi,

Johar nyingi. Umesema kweli, neno ni neno tu, na wewe umemlea vizuri, miaka miwili si mchezo. Nami nafurahi kijana wangu ana watu. Phagnu anakusalimu. Mbuzi anakusalimu.

Nta hiyo hapo, mikate minne. Nimeichemsha jana na leo asubuhi imeganda, Lodo amesimama mlangoni anasema basi litamwacha. Rangi yake imekuwa nzito kidogo. Masega ya safari hii ndivyo yalivyo, usishangae.

Kazi njema na ungo wenu.

Dasmi


Raipur, 6 Desemba 1981

Wifi Dasmi,

Johar. Sikuandika mapema kwa sababu sikuwa na la kuandika.

Sonsai alivunja kalibu alfajiri ya Jumanne. Tulikuwa tumemwagia mungu pombe kwenye tanuru, tumevunja yai, hakuna kilichorukwa. Uso umetoka. Shingo imetoka, na kule kuinama kwake. Mkono wa kulia umetoka mpaka kiganjani. Ungo haukutoka. Palipopaswa kuwa na ungo pana tundu unaloweza kuingiza ngumi, na tumbo limetobokatoboka kama gogo lililokaliwa na mchwa. Aliendelea kuondoa udongo kwa kisu taratibu hata pale tulipokuwa tumeshaona wote. Akaondoa mpaka punje ya mwisho. Kisha akaweka kisu chini.

Siku za kufanya kingine hazikuwepo. Kwenye maonyesho alipeleka fahali wake wa shaba wa zamani na hakuna aliyemwinamia kumtazama. Aliyeshinda ni mtu wa farasi.

Mimi nimewaambia watu ni kijicho cha mwanamke wa nyumba ya tatu. Siku tunawasha tanuru alisimama mlangoni akasema, leo mmependeza. Nimemtupia chumvi na pilipili motoni kwa jina lake. Hatusalimiani.

Sonsai anakula nusu sahani.

Hirondi


Barkapara, 15 Desemba 1981

Wifi,

Johar. Barua yako nimeisoma mara nne na Phagnu nimemsomea mara moja. Aliuliza, tundu upande gani? Nikamwambia kila upande. Akatoka nje.

Nimefikiri sana. Kalibu mlikausha siku ngapi? Udongo wa mjini una chumvi. Tena inawezekana mlango wa kuingizia shaba alifanya mwembamba, Sonsai tangu utoto anafanya mlango mwembamba. Au shaba ilipoa mkiwa mnageuza. Mambo ni mengi, mtu hawezi kusema ni hili. Mwaka ule ndugu yako aliharibu taa saba mfululizo na hatukujua sababu mpaka leo.

Huyo mwanamke wa nyumba ya tatu mwache. Mtu akisema mmependeza huenda mmependeza kweli. Usigombane na watu kwa ajili yetu.

Wewe niambie tu, yeye amesema nini? Ameuliza kitu chochote? Amekuuliza kuhusu nini?

Nimempelekea vibumba vya unga wa mchele na sukari guru. Vikifika vimekauka avichovye kwenye chai.

Mimi silali vizuri, ni baridi.

Dasmi


Raipur, 10 Januari 1982

Wifi Dasmi,

Johar. Vibumba vimefika, vigumu kama mawe ya reli, lakini alivila vyote na hakunipa.

Unauliza kama ameuliza kitu. Hajauliza. Anasema ni mkono wake. Nilimwambia ni kijicho, akanijibu, shangazi, wangapi wanaonewa kijicho na shaba yao inatoka? Baba yangu ana mkono, babu alikuwa na mkono, kwangu umeishia njiani. Ndivyo anavyosema, na anasema kwa utulivu, hilo ndilo linalonichosha.

Sasa nina habari nzuri, nawe ipokee hivyo. Shemeji yako amempatia kazi reli, kusafisha na kujaza taa za ishara. Anaanza tarehe mosi Machi. Ni ya kudumu, ina sare na ina malipo ya uzeeni. Atakula kwangu kama kawaida. Vyombo vyake vya kazi amevifunga kwenye gunia, anatafuta mnunuzi.

Usianze kulia. Hebu jiulize, shaba imempa nini ndugu yangu zaidi ya hicho kifua?

Hirondi


Barkapara, 24 Januari 1982

Wifi Hirondi,

Leo salamu ni fupi. Johar. Wote wazima.

Nilipomsomea Phagnu kuhusu reli aliniambia, rudia. Nikarudia. Akachukua ufagio akaenda kufagia tanuru, na lilikuwa limeshafagiliwa. Alipotoka ana majivu kwenye nyusi akasema, basi mimi ndiye wa mwisho. Hakusema kwa hasira. Kisha akauliza kuna nini cha kula.

Wifi, ile nta ya Diwali sikuichuja.

Nimeandika hivyo na kalamu nimeiweka chini, nimekwenda kulisha mbuzi, nimerudi, bado imeandikwa.

Siku ile nilikuwa na kitambaa mkononi. Sufuria imechemka, mashapo yote yako chini, miguu ya nyuki, vumbi, vipande vya gome. Nikasimama nikawaza, namchujia nani? Nachuja ili Hirondi avishwe ngozi. Nachuja ili ungo wa Hirondi usifiwe na watu wa serikali, na mwanangu awaambie, huyu hapa ndiye mama. Kijiba cha roho kikanipanda. Nikachukua sufuria nikamimina vilevile, na mashapo yake, nikayakoroga kwa kijiti ili yasikae chini ukayaona. Nilikoroga, wifi. Kama ningemimina tu ningesema nilisahau.

Sikutaka kuharibu kazi yake. Naapa kwa jina la Mama, mungu wa kijiji chetu. Nilifikiri nyuzi zitakukatikia mkononi, basi. Nilitaka uaibike mbele yake siku moja. Nilitaka akwambie, shangazi, mkono wako si kama wa mama. Hilo tu ndilo nililokuwa nalitaka, na nimelilipia kwa mtoto.

Lakini nina swali, na usiliruke kama unavyoruka mengine. Wewe ni binti wa nyumba hii. Umezaliwa ndani ya moshi, umeniambia mwenyewe. Nta ile ulipoishika, hukuiona?

Humu ndani kuna karatasi nyingine imekunjwa ndogo. Ni ya Sonsai. Isome wewe kwanza, najua utaisoma, lakini umpe. Nimemwandikia hivi: mwanangu, mkono wako mzima. Nta ya mama yako ndiyo ilikuwa chafu na mama yako alijua. Usiuze gunia.

Nilikuwa nasema akijua hataniita mama hata kwa barua. Sasa nasema hata hivyo haandiki. Bora asiniite akiwa na vyombo vyake kuliko aniite akiwa anafuta masizi ya taa za watu kwa uongo wangu.

Usipompa nitapanda basi nije nimwambie mlangoni kwako, jirani wa nyumba ya tatu akisikia.

Dasmi


Raipur, 21 Machi 1982

Wifi Dasmi,

Johar. Shemeji yako mzima. Mguu wangu umepona.

Karatasi yako niliificha ndani ya pipa la mchele siku arobaini na moja. Kila siku nikipima mchele naikuta, naifunika. Sikupenda usubiri. Sikujua jinsi ya kutoa yako bila kutoa yangu.

Umeniuliza kama niliiona. Niliing'ata. Ndivyo mama alivyotufundisha, kung'ata pembe ya mkate. Mchanga ukalia menoni. Nikaisogeza kwenye mwanga, nikaona mashapo yamekorogwa, nikajua ni mkono gani umekoroga na kwa nini. Kuchuja ni kazi ya asubuhi moja, Dasmi, wala si ngumu. Kitambaa kilikuwa kinaning'inia kwenye kamba palepale uani. Nikajiambia, mama yake ameleta uchafu, na uchafu ujulikane kuwa ni wa mama yake. Nilitaka nyuzi zikatike ili nimwonyeshe, tazama nta ya kwenu. Hazikukatika. Zilitoka laini kabisa, ungo ukasukwa mzuri mpaka nikasahau kilichomo. Nilikumbuka tanuru lilipokuwa limeshawaka, na watu wamesimama, na shaba imeshaanza kutoa mwali wa kijani. Sikufungua mdomo.

Kisha shemeji yako akataja reli. Nikaona kumbe Sonsai akiamini hana mkono atabaki hapa. Nikazidi kunyamaza. Mwanamke wa nyumba ya tatu nimemtupia pilipili na mimi najua.

Sonsai alianza kazi tarehe mosi. Jioni ya tarehe kumi na mbili alirudi ananuka mafuta ya taa, akanawa, akala, akamnyanyua yule mwanamke wa shaba aliyekuwa pembeni ya ukuta. Akampima mkononi akasema, shangazi, huyu kesho nampeleka kwa wanaonunua shaba kuukuu, ana uzito mzuri. Alikuwa amemshika shingoni, pale pa kuinama.

Nikafungua pipa nikampa karatasi yako. Alisoma amesimama. Halafu akaniuliza, na wewe ulijua? Nikasema nilijua. Nikamweleza kuhusu mchanga menoni, na kitambaa kwenye kamba, na reli. Akasema, kwa hiyo mlijua wote wawili, mimi peke yangu ndiye sikujua. Hakupaza sauti. Nilimwambia, tukane basi, mimi ni shangazi yako, nitavumilia. Akacheka kidogo, si kicheko kizuri. Akaenda kulala kwa wenzake wa stesheni siku nane.

Jana amekuja kuchukua gunia. Hakuliuza. Amepata banda nyuma ya wafinyanzi, amesema mwisho wa mwezi anarudisha sare. Yule mwanamke amemchukua pia, anasema atamyeyusha mwenyewe na shaba ileile itarudi kuwa mwanamke anapepeta. Nikamuuliza, utamtazama nani? Akasema sasa anajua kupepeta kulivyo, hahitaji mtu.

Nikamuuliza, na nyuzi nani atakukamulia? Akasema ana mikono miwili.

Amesema nikuandikie hivi, neno kwa neno: alete masega, asilete mikate. Nta nitachuja mwenyewe.

Nilimuuliza kama nikuandikie na salamu. Akafikiri. Akasema, andika masega.

Hajaniita mama tena. Hata shangazi jana aliniita pale tu alipotaka nisogee apite.

Nilikwenda nyumba ya tatu na bakuli la dengu. Bakuli walilipokea. Mimi hawakunikaribisha.

Hirondi


Barkapara, 4 Aprili 1982

Wifi Hirondi,

Johar kwako na kwa shemeji.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Ungekuwa karibu ningekupiga na mchi, kisha ningekupikia. Siku arobaini na moja, wifi. Mimi hapa kila gulio namfuata mleta barua mpaka anajificha nyuma ya wauza vyungu.

Phagnu nimemwambia yote. Alikaa siku mbili haongei na mimi, siku ya tatu akaniambia kifua kinamuuma, nikajua tumepatana. Anasema Sonsai mwaka huu afanye mlango wa shaba mpana kidogo. Mwambie ni baba yake amesema, si mimi.

Lodo anakuja na kapu. Ni masega, yametoka msituni juzi, nimemlipa mrina asali bila kubishana naye bei. Nimeyafunga kwa majani ya mti uitwao sal, kama yalivyo. Humo ndani kuna nyuki wawili wakavu na jani moja limenata. Mkono uliniwasha nilitoe lile jani. Nikalitoa. Nikakaa nalo. Nikafungua kapu nikalirudisha.

Sijayagusa. Lodo nimemwambia apite moja kwa moja bandani kwa wafinyanzi, asipite kwako. Lakini akipita kwako, maana namjua anapenda chai yako, na wewe usiyaguse.

Dasmi